Chati Kumi na Mbili za Narae

Siku waliyokutana, Narae alikuwa ananuka. Si yeye hasa, ni viatu vyake. Alikuwa amekanyaga matunda ya ginko, yale yanayooza kando ya barabara za Seoul kila vuli, akaingia nayo kwenye treni ya asubuhi iliyoshona watu. Harufu ikapanda kama choo kilichofunuliwa. Watu wakaziba pua, wakaanza kutafutana kwa macho. Narae alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Samahanini jamani, ni mimi," akasema kijana mrefu mwenye koti la kahawia, huku akiinua mguu. "Nimekanyaga ginko."

Kiatu chake kilikuwa safi kama sahani.

Waliposhuka, Narae akamkimbilia. "Wewe, mbona umesema uongo?"

"Uso wako ulikuwa unaiva. Nikaona huyu atalipuka, tufe wote."

"Kwani nilikuomba?"

"Hukuniomba. Naitwa Gyuho. Chuo chetu kimoja, nimeona nembo kwenye koti lako. Na kweli, dada, unanuka."

Narae akacheka mpaka akashika ukuta.

Majani hayajageuka manjano, tayari alikuwa anamwita "kaka", kama wasichana wa kwao wanavyomwita mpenzi aliyewazidi umri. Gyuho alimwita "kifaranga". Lakini yote hayo yalikuwa ya kwenye simu. Chuoni walipishana kama watu wasiojuana.

"Tukiachana, idara nzima itatutafuna mpaka tuhitimu," Gyuho alisema. "Tungoje kidogo, kifaranga."

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Gyuho alitaka wakohoe kwenye mto wa kulalia, na Narae akakubali.

Mwezi wa kumi na moja wakapangwa kundi moja la kazi ya darasa, watu watano, kiongozi Gyuho. Kila mwanafunzi pale anaijua sheria: kiongozi anaandika majina ukurasa wa kwanza, na mvivu anafutwa. Asiye na jina hana alama, atarudia somo mwaka unaofuata.

Homa ikamlaza Narae wiki nzima, akakosa vikao viwili. Ila hakulala bure. Akiwa ndani ya blanketi alichora chati kumi na mbili, akazipaka rangi ya machungwa, akamtumia Gyuho. Hakuziweka kwenye grupu, alimtumia yeye peke yake, kama mtu anavyompelekea mpenziwe chakula.

"Umeniokoa, mpenzi," Gyuho akajibu. "Kunywa uji, ulale."

Jumanne Narae akaenda darasani amevaa sweta jekundu, midomo bado imekauka kwa homa. Ukurasa wa kwanza wa kazi yao ukamulikwa ukutani. Majina manne.

Akahesabu tena. Manne.

Kisha zikaja chati. Moja, mbili, tatu, zote za rangi ya machungwa. Profesa akavua miwani. "Hizi ni nzuri sana. Nani kazichora?"

Gyuho akatazama dari. "Tulishirikiana sote, Profesa."

Narae alihisi damu inachemka masikioni. Akachukua mkoba wake, akatoka, akaubamiza mlango mpaka vioo vikalia.

Simu ikaita mara kumi na moja. Ya kumi na mbili akapokea.

"Kifaranga..."

"Kifaranga ni mama yako! Sema, Bwana Pyo Gyuho."

Kwao, kuitwa jina kamili na ubwana juu, ni kama kufungiwa mlango usoni.

"Wenzetu walilalamika kwamba hukuja vikaoni," akasema Gyuho. "Wakataka ufutwe. Ningewaambia chati umenitumia mimi, wangeuliza kwa nini mimi peke yangu. Wangejua."

"Wangejua nini?"

"Kuhusu sisi."

"Kwa hiyo ukaona bora mimi nionekane mvivu kuliko wewe uonekane unanipenda?"

"Usiseme hivyo."

"Nisemeje? Nifundishe! Kwenye treni ulibeba uvundo wa mtu usiyemjua. Darasani umeshindwa kubeba jina langu. Uko wapi?"

"Bwaloni. Wako hapa wote."

"Usiondoke hapo."

Alishuka ngazi mbilimbili. Bwalo lilikuwa limefurika wanafunzi wa chakula cha mchana, mvuke wa supu ya kimchi, ile kabichi iliyochachushwa, umetanda. Gyuho alikuwa amekaa na wale watatu wa kundi lao, wali wake haujaguswa. Narae akasimama mbele yao.

"Mgonjwa kapona?" akadakia mmoja wao, Sangmi, msichana mwenye ulimi mkali. "Kumbe siku ya kazi ndiyo unaumwa, siku ya wali uko fiti."

Narae alimtazama Gyuho tu. Ilikuwa sekunde chache, lakini ndani yake aliapa: akitazama dari tena, namfuta mimi.

Gyuho akainuka.

"Chati zote ni za Narae," akasema, sauti ikapanda kuliko alivyotaka. Meza za jirani zikageuka. "Alizichora akiwa na homa. Alinitumia mimi kwa sababu ni mpenzi wangu. Nilizipokea, nikamfuta, kwa sababu mimi ni mwoga."

Kijiko cha Sangmi kikabaki hewani. "Mpenzi? Tangu lini?"

"Tangu matunda ya ginko," akasema Gyuho.

Hapohapo akampigia Profesa, simu ikiwa kwenye spika, akarudia yote. Profesa akakohoa. "Jina lake litarudi. Wewe nakupunguzia alama."

"Nastahili, Profesa."

Alipokata simu akamgeukia Narae. "Umenisamehe?"

"Nani kasema?" Narae akaushika mkono wake mbele ya bwalo zima, akamvuta mpaka nje, chini ya majani ya manjano. Watu waligeuka. Wengine walitoa simu. Narae aliubana mkono ule kwa hasira zake zote, vidole vya Gyuho vikaanza kuwa vyeupe.

"Unaniumiza, Narae."

"Najua."

"Sasa niachie basi."

"Thubutu!"