Gauni la Muuguzi

Kila nikitoka shule, nilikaa kando ya cherehani ya mama nikiingiza vipimo vya wateja wake kwenye simu: kifua, kiuno, urefu wa mkono. Daftari la mama lilikuwa na kurasa mia mbili, na mwandiko wake, Mungu anisamehe, ni kama kuku amepita. Niliviingiza vyote mwenyewe, wiki tatu nzima.

Programu ya vipimo aliitengeneza binamu yangu katika darasa la kompyuta la mama yake, yaani shangazi. Binamu huyo tulimwita Chiriku kwa kuwa hafungi mdomo. Yeye na shangazi walikuwa wanaanzisha kampuni yao, na Jumamosi wangewafundisha mafundi cherehani kumi na wawili kuitumia. Basi nyumba nzima ikawa Chiriku huku, Chiriku kule.

"Mtoto ana akili huyu!" mama alisema.

Na mimi je? Hata ahsante sikuipata. Wivu ulinishika.

Shangazi alipanga kwamba Jumamosi hiyo mama ampime jirani yetu muuguzi mbele ya watu, kisha Chiriku aonyeshe kuwa vipimo vya simu vinalingana. Alhamisi nikafungua jina la muuguzi. Kiuno chake kilikuwa inchi thelathini na sita, nikaandika thelathini na mbili. Tutaona atakayechekwa ni nani, nikajisemea.

Kumbe mama alishaliweka daftari kabatini. Ijumaa asubuhi alikata gauni la muuguzi kwa vipimo vya simu.

Jioni muuguzi alipolijaribu, zipu iligoma. "Jamani, nimenenepa hivi?" alijaribu kucheka, lakini machozi yalimlengalenga. "Harusi ya mdogo wangu ni keshokutwa, na kitambaa hiki dukani kimeisha."

Mama akamgeukia shangazi. "Wifi, siwezi kuwaambia wenzangu watumie kitu hiki."

"Basi hakuna Jumamosi," shangazi akajibu.

Chiriku alipekua programu yake akitafuta kosa, machozi yakidondokea simu. Nilidhani nitafurahi. Wapi!

"Ni mimi," nikasema. "Nilibadilisha namba. Mnamsifu yeye tu, na mimi nimefanya kazi!"

Nikamwomba radhi muuguzi, kisha Chiriku. Mama alifumua gauni ubavuni, akaongeza vipande vilivyobaki pande zote mbili, mimi nikimshikia pini. Likafunga. Shangazi akasema Jumamosi iko palepale, ila kuanzia sasa programu itaonyesha nani kabadilisha namba.

"Hasidi hana sababu," Chiriku akanung'unika.

"Mimi nilikuwa nayo!"

Mama akakata uzi kwa meno. "Ni kweli ulikuwa nayo, mwanangu. Sikukushukuru, na hilo ni kosa langu. Lakini hiyo ilikuwa sababu ya kuniambia, si ya kumharibia mwenzako. Wivu ukikushika, sema. Ona sasa, ulimlenga Chiriku, ukampata mtu ambaye hakukukosea kitu."