Anayegonga Chini ya Barafu

Ko! Mlio mmoja ulipanda kutoka chini ya barafu. Rafiki yangu Sune hausahau. Walikuwa wakivuka ziwa usiku, yeye na bwana wake Anund, aliyemwasi mfalme wake wa zamani. Walikuwa wakienda kwa mfalme mpya; Anund asipomwapia utii kabla ya mapambazuko, angekatwa kichwa. Sune alitangulia, akigonga barafu kwa mpini wa mkuki kupima unene.

“Mbona umegonga mara mbili?”

“Mara moja tu, bwana.”

“Acha utani wako, mzee!”

Sune akagonga mara tatu. Chini pakajibu mara tatu, taratibu.

Anund akapiga magoti. Mdogo wake alizama humu akimpigania mfalme wa zamani, na tangu hapo kumtaja kulikuwa mwiko nyumbani. Akalaza shavu kwenye barafu.

“Eskil?”