Mbwa Wangu Mwenyewe Alinizuia Langoni

Nina miaka hamsini na mitatu, ni mjane, na ninaishi Kitengela katika nyumba ambamo wakati mmoja nilifukuzwa na mbwa niliyemleta mimi mwenyewe, akiwa mdogo kiasi cha kulala ndani ya sweta yangu. Mkono wangu wa kulia una kovu la meno yake. Lakini mbwa simlaumu. Ninayemlaumu ana miguu miwili, na hadi leo nikisikia jina lake chai hunigeukia shubiri mdomoni.

Miaka ya tisini ikiisha, nilikuwa msimamizi katika banda la kufungia maua kwenye shamba moja kule Isinya. Basi la wafanyakazi lilituchukua kabla ya jua kutoka na kuturudisha giza likiingia. Mume wangu, Kioko, alishughulikia mizigo ya forodha Namanga na alirudi wikendi tu. Tulikuwa na binti mmoja, Mwende. Aliyeshinda nyumbani ni shemeji yangu Musyoka, mdogo wa Kioko, tuliyemtoa Makueni aje atafute kazi. Kazi hiyo aliitafuta akiwa amelala.

Wezi walipotuvunjia mara ya pili, meneja wetu alinipa mtoto wa mbwa. Mama yake alikuwa jamani shepadi, baba yake rotwaila. Nyayo zake zilikuwa kubwa kuliko mwili, na akitembea alijikwaa. Tukamwita Bosi. Meneja alinionya kwamba mbwa wa aina ile anakua haraka, kwa hivyo ashikwe, atembezwe, awazoee watu wa nyumbani angali mdogo. Nikamjibu ndiyo, ndiyo... Muda huo ningeutoa wapi? Februari ilikuwa inakaribia, na waridi za wapendanao hazimngoji mtu.

Musyoka akanitatulia. "Shemeji, wewe enda kazi," aliniambia. "Mbwa ya maana inalishwa na mkono mmoja. Mchana inafungiwa kwa boksi, usiku inatolewa. Ikizoea kila mtu itakuwa kuku."

Majirani wengi walifuga hivyo. Nikakubali, tena nikamshukuru! Kila Jumamosi nilinunua matumbo na mifupa. Yeye akapika, yeye akapeleka. Hata Mwende nilimkataza kumgusa. Bosi akawa jitu, na usiku nikimsikia akibweka nililala fofofo.

Kisha gari alilopanda Kioko likagongana na lori barabara ya Namanga. Siku hiyo sitaieleza... Tulimzika Makueni, nami nikarudi kazini kwa sababu mtoto hali machozi.

Jioni moja nilikuta nguo zangu nje ya lango. Musyoka alisimama ndani, ameshika mnyororo wa Bosi. Aliniambia kwa utulivu kwamba ukoo umekaa, na umeona mbuzi wa ntheo hawakupelekwa kwa baba yangu. Kwetu Wakamba, bila mbuzi hao mwanamke si mke. Uongo mtupu! Mbuzi hao yeye mwenyewe aliwavuta kwa kamba hadi kwetu, na nyama akala akalamba vidole.

Nilisukuma lango niingie. Akaachilia mnyororo.

Mwende, nyuma yangu akiwa bado na yunifomu ya shule, alilia, "Bosi, ni mama! Ni mama!" Lakini Bosi angenijua wapi? Ni lini nilimpa hata mfupa mmoja? Alinishika mkono mpaka Musyoka alipochoka kutazama na kumwita.

Baba yangu alikuja kwa chifu na wazee wawili, akathibitisha kwamba mbuzi aliwapokea. Chifu akasema nyumba ni yangu, lakini kumtoa mtu ni kazi ya korti ya Kajiado. Korti ikaahirisha, ikaahirisha tena. Nilipokwenda langoni na askari wa chifu, Musyoka alituonyesha mbwa akacheka. "Si wanasema ni nyumba yako? Basi ingia."

Askari aliniuliza kama ampige Bosi risasi. Nikakataa. Risasi ingemmaliza mbwa na kumwacha mwenye kosa, nami nilitaka kisasi changu kimfikie mwenyewe.

Mimi na Mwende tulikodi chumba cha mabati ng'ambo ya barabara. Kila alfajiri nikielekea kwenye basi nilipita kando ya ua wangu mwenyewe, na baada ya muda nikaona kitu. Mbavu za Bosi zilikuwa zinahesabika. Kumbe matumbo yaliisha nilipoondoka! Musyoka alitaka mbwa mkali, lakini nyama inunuliwe na nani? Hapo ndipo nilipocheka kwa mara ya kwanza tangu nimzike mume wangu. Mkono mmoja, sivyo? Basi utakuwa wangu.

Nikaanza kupenyeza mifupa kwenye ua wa waya alfajiri, Musyoka akiwa bado anakoroma kwa pombe yake ya busaa. Mwanzoni Bosi alininguruma na kula nikishaondoka. Baadaye akala nikiwepo. Mwishowe nilimkuta akiningoja. Nikapitisha mkono kwenye waya, mkono uleule wenye kovu, akaunusa kwa muda mrefu, akaulamba. Nilichelewa basi siku hiyo kwa sababu ya kulia.

Halafu jirani yangu, Mama Naserian, akanipa habari. "Mama Mwende, huyo shemeji yako amepata mtu wa kununua ploti. Wanakuja Jumamosi."

Jumamosi niliomba ruhusa kazini. Musyoka alipotoka kwenda kuwapokea wageni wake, fundi alinikatia kufuli, nami nikaingia peke yangu. Bosi alikuwa ndani ya boksi. Nilifungua... Je, mchana angenitambua? Alitoka, akanitazama, akaja kuegemea mguu wangu. Nikafunga lango kwa kufuli langu, nikaketi barazani kwenye kiti cha Kioko.

Musyoka alifika na wanaume wawili waliovaa suti. Akavuta lango, akaona kufuli, akaniona.

"Bosi! Bosi, ni mimi!"

Bosi aliruka hadi langoni akibweka, mate yakimtoka, na Musyoka akaanguka chali mbele ya wageni wake. Wale wanaume walirudi kwenye gari lao bila kuaga.

"Shemeji," nikamwambia, "si unasema ni nyumba yako? Basi ingia."

Nguo zake nilizirusha juu ya ua, nyingine zikanasa kwenye waya na kupeperuka. Watoto wakacheka. Mimi pia nilicheka, na sitawadanganya, utamu wake bado ninao.

Wasomaji wenzangu, ninyi mnaotoka alfajiri na kurudi usiku, nawasihi. Awe mbwa, awe mtoto, iwe ndoa, unachotegemea kikulinde kilishe kwa mkono wako. Usikubali mtu akuambie enda kazi, mimi nitakutunzia. Mimi nilikubali, na nyumba ikawa karibu kupotea.

Bosi alikufa kwa uzee, nikamzika pale langoni, katikati ya njia. Musyoka huja Krismasi, amekonda, anasimama nje akiniita shemeji. Mchungaji huniuliza nitamsamehe lini. Nimemjibu kwamba kanisani nilishamsamehe. Langoni bado.