Tende ya Mdomo wa Mgeni

Jua lilikuwa linazama Mulki alipotoka mtaani kwake Galbet na mtungi wake wa plastiki kwenda kununua maziwa ya ngamia. Mtu asidhani alikwenda kwa kupenda matembezi. Magoti yake yalilia kama bawaba zisizotiwa mafuta. Alikwenda kwa sababu nyumbani kulikuwa na msichana analia, na Mulki hakuwa na subira na kilio kisicho na maiti.

Msichana mwenyewe ni Amran, mjukuu wake, aliyemlea tangu mama yake afariki. Amesomea ualimu wa Kiingereza na sasa ametia nia kwenda Vietnamu kufundisha watoto wa huko. Mulki alipoambiwa mara ya kwanza aliuliza, "Wenye Kiingereza chao wamekufa wote, hata wakufuate wewe Garissa?" Lakini moyoni alitaka aende. Mifugo ililiwa na ukame. Kilichobaki nyumbani ni kichwa cha Amran, na kichwa hakinenepi kwa kufungwa uani.

Shida ilikuwa ulimi. Watu wa huko walikuwa wamemhoji kwa kompyuta, wakamwambia ajifue. Wakamhoji tena, wakasema wanamtaka mtu aliyezaliwa ndani ya lugha. Sasa walikubali kumsikiliza mara ya mwisho, jioni hiyo hiyo, baada ya magharibi.

"Ni wewe, Ayeyo," Amran alimwambia nyanya yake mchana, nusu mzaha, nusu machozi. "Wewe ndiye uliyenitafunia tende nilipozaliwa. Hukuona mtu mwingine mwenye ulimi mwepesi?"

Kwao mtoto akizaliwa, kabla hajaonja chochote, huchaguliwa mtu wa kutafuna tende na kumpaka mdomoni. Huchaguliwa kwa tabia zake, maana mtoto humfuata aliyemtafunia.

"Mimi nilikupa meno," Mulki alimjibu. "Ulimi ungejitafutia."

Alijibu hivyo, lakini neno la msichana lilimchoma kama mwiba wa mgunga.

Sokoni, wauza maziwa walikuwa wanakusanya mitungi yao. Hani, aliyemuuzia Mulki miaka yote, alikuwa ameinama anafunga vitu vyake. Mulki alikuwa anamwendea aliposikia sauti mwishoni mwa mstari.

Palikuwa na mwanamke. Buibui jipya, mtungi mmoja mbele yake. Gari la watu wa misaada lilikuwa limesimama, mzungu ametoa kichwa dirishani anauliza njia, na mwanamke yule anamjibu. Mulki hakujua Kiingereza. Lakini mtu hahitaji kuwa ngamia kujua ngamia yupi anatembea vizuri. Maneno yalimteleza yule mwanamke kama samli kwenye kisu cha moto.

Gari likaondoka. Mulki akasogea.

"Naa, wewe. Kiingereza hicho umekitoa wapi?"

"Nilitafuniwa tende, mama."

"Utotoni?"

"Ukubwani."

Mwanamke akamimina maziwa kidogo kwenye kifuniko, akamnyooshea. "Onja kwanza, ndipo useme."

Maziwa ya ngamia ya Garissa hunuka moshi, maana mitungi hufukizwa. Haya hayakunuka moshi. Yalinuka udongo... udongo uliochimbwa sasa hivi. Na yalikuwa baridi, katika mji ambao hata maji ya kisima hutoka na uvuguvugu. Mulki akayameza. Ni mtu wa kumaliza alichopewa.

"Nina mjukuu," akasema.

"Najua. Una tende?"

Alikuwa nazo mfukoni, alizonunua njiani. Akampa moja. Mwanamke akaitia mdomoni, akaanza kutafuna taratibu, macho yametulia juu ya Mulki. Alitafuna muda mrefu hadi taya za Mulki zenyewe zikauma, utamu ukamjaa mdomoni, kana kwamba ndiye anayetafuna.

"Anayelishwa hupokea," mwanamke akanong'ona. "Anayetafuna naye hupokea. Hapa hakuna anayeondoka mtupu."

Mwanamke mwingine angeuliza, anayetafuna hupokea nini? Mulki alikuwa anasikia adhana inaanza, na msichana ana mahojiano. Akaikunja ile tende kwenye kipande cha karatasi, akaondoka. Hata maziwa hakununua.

Alimkuta Amran mbele ya kompyuta, shungi limenyooshwa.

"Fungua mdomo."

"Ayeyo, sasa hivi watanipigia!"

"Ndiyo maana. Fungua."

"Hii tende imetafunwa! Na nani?"

"Na mtu mwenye meno. Meza."

Amran akacheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Akafumba macho, akameza. Kompyuta ikalia.

Mulki alikaa nje ya pazia, tasbihi mkononi. Alisikia sauti ya mwanamume kutoka mbali. Kisha akamsikia Amran. Mwanzo alikwama. Akakohoa. Kisha...

Kiingereza kikamtoka kama samli kwenye kisu cha moto.

Yule mwanamume akacheka kwa furaha. Hata Mulki, asiyejua neno, alielewa kwamba kazi imepatikana. Akasema alhamdulillahi, akavuta pazia.

"Haya, mwalimu! Umeona sasa?"

Amran akamtazama jinsi mtu anavyomtazama mbuzi aliyelia ghafla. Akasema kitu kwa Kiingereza.

"Usinifanyie maringo. Nimekuuliza."

Amran akajibu tena, kwa Kiingereza kile kile. Akashika koo lake. Akajaribu kusema Kisomali, midomo ikajikunja, hewa ikatoka tupu. Akajaribu Kiswahili, hewa tupu. Macho yakamtoka.

Hapo ndipo Mulki alipoisikia.

"Ayeyo... nifungulie."

Ilikuwa sauti ya Amran. Kisomali cha Amran, na ule mkwaruzo mdogo alioupata alipougua surua. Mulki alijua imetoka kwenye lango la mabati. Ingetoka wapi kwingine? Amran alikuwa mbele yake, mdomo umefungwa.

"Ayeyo, nifungulie. Kunaingia giza."

Mulki akaangalia uani. Lango lilikuwa limetulia, komeo mahali pake. Alipogeuka alimkuta mjukuu wake amerudi nyuma mpaka ukutani. Amran hakuwa anatazama lango.

Alikuwa anamtazama nyanya yake mdomoni.

Mulki akaenda akafungua lango kwa nguvu. Barabara tupu. Hakuna alama ya mguu wala kwato. Harufu tu, ya udongo uliochimbwa sasa hivi.

Kesho yake alikuja Awil, mwanawe Mulki, karani wa kaunti, mtu wa kuamini karatasi na vidonge. Akampeleka Amran kwa daktari, daktari akasema ubongo umechoka, utapumzika, utarudi. Basi Awil akawa mkalimani kati ya mama yake na mtoto aliyelelewa kwenye paja la huyo mama. Aibu gani hiyo.

"Anasema anakuomba radhi, hooyo. Anasema akikusikia ni kama redio iliyo kati ya stesheni."

"Mwambie redio hii ndiyo iliyomfundisha kuomba chakula."

Sheikh akaletwa. Akasoma, akatema mate ya baraka kwenye maji, Amran akanywa. Hakukutokea kitu. Sheikh akamuuliza Mulki nani aliyetafuna ile tende. Mulki akasema mwanamke wa sokoni. Sheikh akasema, "Basi huyo huyo ndiye wa kuirudisha. Kilicholetwa na mdomo hurudishwa na mdomo. Mtafute, atafune nyingine."

Mulki akaenda sokoni jioni ile, na jioni iliyofuata, na nyingine. Mahali pale mwishoni mwa mstari palikuwa wazi. Hani hakuwepo wa kuulizwa, alikuwa ameenda Kotile kwa binti yake aliyejifungua. Wengine walimwambia Mulki hawajui mwanamke wa hivyo. Na kila jioni aliporudi nyumbani ile sauti ilimngoja. Nifungulie. Alifungua. Hakuna mtu. Alifunga. Nifungulie.

Awil aliisikia mara moja. Alikuwa jikoni anachemsha chai, Mulki uani. Akatoka mbio na sufuria mkononi.

"Amran amepona? Nimemsikia!"

"Amran amelala ndani," Mulki akasema.

Awil akamtazama mama yake. Akatazama uani. Tangu siku hiyo hakukaa Galbet baada ya alasiri, na sababu hakuitaja.

Tiketi ikaja. Mulki aliposema safari isubiri mpaka mwanamke apatikane, Amran alitikisa kichwa, akazungumza kwa muda mrefu, machozi yanamchuruzika.

"Anasemaje?" Mulki akamuuliza Awil.

"Anasema hapa sasa yeye ndiye mgeni. Huko angalau wamemwita kwa hicho alichobaki nacho."

Mulki hakulia. Alimfungia mjukuu wake kilichompasa msafiri: gauni jipya la dirac, kopo la nyama ya kukausha, na mfuko wa tende. Tende ndizo alizoziweka juu, zisipondeke.

Hani alirudi kutoka Kotile wakati Amran yuko Vietnamu tayari, ana darasa lake. Mulki alimkuta sokoni, akamshika mkono kabla ya salamu.

"Jioni ile nilipokuja mara ya mwisho. Yule mwanamke wa mwisho wa mstari ni nani?"

Hani akajitoa taratibu. "Mwanamke yupi, Mulki? Pale hapakai mtu tangu mafuriko. Aliyekuwa akikaa pale alichukuliwa na mto, na mitungi yake."

"Nilizungumza naye! Amenitafunia tende!"

Hani akashusha sauti. "Abaayo, dada yangu, mimi nilikuona. Ulisimama peke yako unautazama ukuta. Ukatoa tende mfukoni. Ukaitafuna wewe mwenyewe... ukaitafuna, ukaitafuna, mpaka nikaogopa kukuita. Kisha ukaitema kwenye karatasi."

Mulki akasimama. Taya zikaanza kumuuma.

Anayelishwa hupokea. Anayetafuna naye hupokea.

Akarudi nyumbani mbio, magoti yakilia. Kumbe mdomo uliotafuna alikuwa nao mwenyewe, siku zote anatafuta wa mtu! Tende moja tu. Angetafuna tende moja, akamlisha, ulimi wa mtoto ungerudi. Na mtoto yuko ng'ambo ya bahari.

Akampigia Awil simu, akamwamuru aje. Awil akaja, jua lingali juu kidogo, akampigia Amran simu ya video pale uani.

Amran akatokea. Amenawiri. Nyuma yake watoto wamekaa kwenye viti vidogo, nywele zao nyeusi zinang'aa, kwao kumekucha tayari au hakujachwa, Mulki hakujua. Amran akapunga mkono, akasema jambo.

"Anasema hili ndilo darasa lake la watoto wazito wa ulimi," Awil akatafsiri. "Wanakaa hapo hapo shuleni. Anasema wazazi wanamsifu sana. Wanaanza kusema kama maji."

"Mwambie arudi. Mwambie nimejua dawa."

Awil akasema. Amran akatabasamu tu, kama mtu anayesikia habari za nyumba aliyokwisha kuihama. Akainama nje ya kioo. Aliporudi alikuwa na kitu mkononi. Akakitia mdomoni.

Akaanza kutafuna. Taratibu.

Mulki aliutambua ule mfuko mezani. Aliufunga fundo mwenyewe.

Mtoto wa kike, mdogo, akaletwa mbele. Akafungua mdomo na kungoja, kama kinda.

"Anasema huyu amebaki nyuma," Awil akasema. "Anasema... atamsaidia kidogo. Hooyo, anafanya nini?"

Mwambie aache! Mulki alitaka kupiga ukelele. Mwambie aitupe! Maneno alikuwa nayo yote, yamejipanga, ya Kisomali safi. Msikitini, adhana ya magharibi ilianza. Akafungua mdomo.

"Ayeyo," ikasema sauti ya msichana, na mkwaruzo wake wa surua. "Ayeyo, nifungulie. Kunaingia giza."

Mulki hakutazama lango. Safari hii alihisi midomo yake mwenyewe ikicheza.

Simu ilianguka kutoka mkononi mwa Awil, ikalala chali mchangani. Amran alikuwa ameacha kutafuna. Alikuwa anasikiliza, kichwa kimeinama upande mmoja, kama mtu aliyeitwa kwa jina lake kutoka mbali sana.

Kisha akamgeukia mtoto.