Kiti cha Tisa

Jua lilikuwa linazama nyuma ya maghala ya kiwanja kidogo cha ndege. Katibu muhtasi alisimama kando ya mzani, faili kifuani, akihakikisha kila mtu anapimwa yeye na begi lake. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake kila kampuni ilipokodi ndege: kupiga simu, kuchapa majina, kisha kuwachunga wakubwa wapande kama watoto wa shule. Ndege kubwa hazikwenda mji waliokuwa wakiuendea ila kwa kuzunguka siku nzima. Hii ndogo ya injini mbili, yenye pangaboi kila bawa, ilifika kwa saa moja na nusu.

"Nivue viatu?" meneja mauzo akauliza akipanda mzanini. "Maana kitambi hakivuliki."

Wakacheka wote. Katibu muhtasi akacheka kwa meno tu.

Ilikuwa safari yao ya kwanza tangu ile ya wiki tatu nyuma, na tangu ile hakuwa amelala usingizi wa maana.

Safari ile mkurugenzi alimwambia, "Kiti kimoja kiko wazi. Mpe Mzee Ramani, akamwone mkewe huko." Mzee Ramani alikuwa mchoraji ramani wa kampuni, miaka ishirini na sita kwenye meza ileile, mtu wa kuongea taratibu, kila msichana wa ofisini akimwita binti. Kisukari kilikuwa kimemwachia kidonda mguuni kisichotaka kupona. Kilinuka. Si sana... lakini kilinuka, dawa na usaha pamoja. Na kiti kilichobaki kilikuwa cha nyuma kabisa, ubavuni mwa katibu muhtasi.

Akaiwaza saa moja na nusu ya harufu ile.

Akamwambia, "Mzee wangu, samahani sana, ndege imejaa." Kwa mkurugenzi akasema mzee mwenyewe kaona afadhali basi.

Kile kiti akakiwekea mkoba wake.

Mzee Ramani akapanda basi la siku mbili. Siku ya pili liliposimama abiria wanyooshe miguu, yeye hakuinuka. Alikufa ameketi. Barua ya rambirambi aliichapa katibu muhtasi, kwa vidole vyake hivi hivi, na mkurugenzi akamsifu kwamba imeandikwa kwa moyo.

"Abiria tisa," sauti ikamgutusha.

Alikuwa rubani, mwanamke mrefu asiye na maneno mengi, ameshika karatasi iliyotoka kwenye mzani.

"Nane," katibu muhtasi akasema. "Orodha nimeichapa mwenyewe."

Rubani akamwonyesha. Vipimo vilikuwa tisa. Cha mwisho kilikuwa kilo sitini na nne, bila begi.

"Labda mtu kakanyaga kwa bahati mbaya."

"Labda." Rubani akaikunja karatasi. "Ila nitaipanga ndege kwa watu tisa. Mimi na mzani hatubishani."

Wakapanda. Wakubwa wakakaa mbele, yeye nyuma kabisa. Kiti cha pembeni yake kilikuwa tupu, akakiwekea mkoba bila kufikiri. Injini zikaunguruma, moja, kisha ya pili. Kiwanja kikabaki chini, na giza likaingia madirishani.

Mkoba ukaanguka.

Akauokota, akaurudisha. Ndege ilikuwa imetulia kabisa, wala haikuyumba.

Ukaanguka tena.

Alipoinama kuuokota mara ya pili, ndipo alipouona mkanda wa kile kiti. Ulikuwa umefungwa. Haukulala juu ya kiti kama mikanda mitupu inavyolala. Ulikuwa umesimama hewani, umezunguka kitu, ukipanda na kushuka polepole...

Kama tumbo la mtu anayepumua.

Harufu ikamfikia. Dawa na usaha.

Akafumbua mdomo apige kelele, kelele ikakwama. Angepiga, wangegeuka wote. Wangeuliza kuna nini, kuna nani. Naye angelazimika kumtaja, na akimtaja, angelazimika kusema kwa nini amekuja kwake na si kwa mwingine. Akaukumbatia mkoba kwa mikono miwili, akauma mdomo.

"Jamani, nini kinanuka?" Meneja mauzo aligeuka, uso umekunjamana. Macho yake yakatua kwa katibu muhtasi. "Huko nyuma kuna nini?"

Wengine nao wakageuka.

"Ni mimi," akasema. Hakujua neno lilitokea wapi. "Nina... nina kidonda mguuni. Samahanini."

Meneja mauzo akatoa leso, akaziba pua, akageuka mbele upesi. Mmoja akajisogeza mbele kitini. Uso wa katibu muhtasi ukawaka moto hadi masikioni.

"Pole, binti."

Sauti ilitoka pembeni yake. Ndogo na taratibu.

Hakugeuka. Shingo ilikataa.

"Hapo chini kuna daraja," sauti ikaendelea. "Nililichora mimi. Hapo mto unapinda... na hapo barabara inapanda mlima." Pumzi nzito. "Na pale penye taa moja. Umepaona?"

Alitazama dirishani. Kwenye giza lote lile palikuwa na taa moja tu, nyeupe, mbali sana chini.

"Basi lilisimama pale."

Ndege ikatua.

Wakubwa waliteremka wa kwanza, wakimpisha katibu muhtasi njia pana kuliko ilivyohitajika. Yeye alibaki ameketi. Mkanda wa pembeni ukafunguka. *Klik.* Sakafu ikalia, hatua moja nzito, moja ya kuburuta... ngazi ikatikisika. Chini, rubani aliyekuwa akiwapa mkono abiria aliunyoosha mkono wake, kisha akaurudisha ghafla. Akautazama. Akaufuta kwenye suruali, mara mbili, tatu, wala hakumuuliza mtu kitu.

Asubuhi, wakubwa wakisaini mkataba wao, katibu muhtasi aliulizia njia mpaka nyumba ya mjane. Aliikuta nyumba ya chumba na sebule, ua umefagiliwa, viatu vimepangwa mlangoni.

"Shikamoo, mama. Mimi natoka ofisini kwa..."

"Marahaba, mwanangu. Nakujua." Mama alikuwa mdogo wa mwili, macho makavu. Akamketisha. "Wewe ndiye binti uliyempa mzee kiti. Ahsante. Nilimzika mwenyewe, lakini kila usiku nilikuwa namsikia barabarani, anatembea, hafiki. Jana kafika."

Katibu muhtasi akateleza kutoka kitini, akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji.

"Mama, usinishukuru. Kiti kilikuwepo tangu siku ile. Nilimnyima. Ni... ni kwa sababu ya harufu tu, mama. Nilimdanganya kwamba ndege imejaa."

Mama hakushtuka. Akamshika bega, akamwinua taratibu.

"Anajua," akasema. "Alijua siku ileile, alikuwa kwenye uzio wa kiwanja, akakiona kiti kitupu dirishani mlipokuwa mnapaa. Kaniomba nisikwambie kwamba anajua. Kasema utaona aibu."

Hapo ndipo kilio kilipotoka, kile kilichokwama angani. Kilitoka kwa sauti, bila mpangilio, kama cha mtoto.

"Shhh..." Mama akamwekea kiganja mdomoni, akageuza macho kwenye pazia la chumba cha ndani. "Polepole, mwanangu. Ndiyo kwanza kapata usingizi."

Nyuma ya pazia, kitanda kikalia. Mtu alikuwa anajigeuza.