Tangi la Sebuleni kwa Dada

Wanaosema dada yangu ana kichwa kigumu hawajakosea. Mumewe alipofariki, shemeji, mdogo wa marehemu, alimwambia ahame amwachie nyumba. Eti nyumba ile hula watu, imeshamla kaka yake na dada ndiye atafuata. Dada akamjibu kwamba haendi popote, tena anajenga tangi kubwa la samaki sebuleni, lile alilolipanga na mumewe. Mtu wa kuhama hajengi.

Asubuhi moja akaja fundi vioo. Ana desturi yake yule mzee: kabla ya kukata kioo huunga magazeti kwa gundi, akayakata kwa kipimo cha tangi, akayalaza sakafuni siku mbili ili wenye nyumba wazoee kulizunguka. Mita mbili kwa sentimita themanini. Tulipita pembeni yake na vikombe vya chai, tukitaniana.

Kesho yake magazeti yalikuwa yamelowa. Dari kavu, sakafu kavu. Ule unyevu ulikuwa na kichwa, mabega, na miguu iliyonyooka. Niliogopa, sioni haya kusema.

"Hili tuliache, mama," fundi alinong'ona.

Dada akavua kandambili, akalala chali kando ya ile alama. Ilimzidi shibiri nzima.

"Mrefu huyu," alisema. "Kata mita mbili na nusu. Asije akabanwa."

Tangi likakamilika. Fundi alilijaza maji matupu, kuona kama linavuja, akabandika utepe mwekundu pale maji yalipofikia. Siku ya pili maji hayakupungua. Yalipanda. Vidole viwili juu ya utepe, na hakuna aliyeongeza hata kikombe. Unajua maji ya beseni yanavyopanda mtoto akiingia kuoga? Ndivyo.

"Twende kwangu, dada," nilimwambia kwa sauti ya chini.

"Nenda wewe. Mimi niko kwangu."

Mchana huo shemeji akaja. Alitazama utepe, akatazama maji, akatabasamu.

"Umeona sasa? Nilikuambia nyumba hii ina mwenyewe."

Dada alimsogelea mpaka wakakaribia kugusana. Hakupaza sauti. "Si unasema nyumba ni yako? Basi na huyo mwenyewe ni wako. Mchukue uende naye."

Shemeji akacheka, akatoka. Tukasikia gari likiondoka.

Nikageuka. Maji yalikuwa yameshuka, sawasawa na utepe. Sakafuni kulikuwa na nyayo za maji. Za peku. Zilitoka kwenye tangi, zikavuka sebule, zikashuka ngazi hadi uani. Ziliishia pale gari lilipokuwa limeegeshwa, upande wa abiria.

Dada akaleta tambara, akapangusa za ndani bila haraka. "Kesho nanunua samaki," alisema.

Alinunua kumi na wawili, na wote wazima. Shemeji hajarudi tena kudai nyumba. Nyayo za uani zilikauka jioni ileile, isipokuwa moja, ile ya mwisho. Jua linawaka, watu wanaikanyaga, na mpaka leo bado mbichi.