Heda za Mashine ya Ngumbo

Stendi ya Mbinga ilikuwa imejaa magunia ya kahawa na watu wenye haraka siku Emerensiana aliposhuka kwenye basi amepakata kompyuta. Alikuwa ameiviringishia kitenge cha bluu, kona zimefungwa vizuri. Yeye mwenyewe gauni la njano, viatu mkononi kwa sababu ya tope.

"Hongera, dada," kijana mmoja mrefu alimwambia, shati lake limepigwa pasi upande mmoja tu. "Mtoto anaitwa nani?"

"Anaitwa Msaada. Halii, hali, hafanyi kazi."

Othmar alicheka, akampokea mzigo. Alikuwa fundi kompyuta kwenye steshenari ya jirani, na bila kujua, ndiye hasa ambaye dada huyo alikuwa akimtafuta.

Kitenge kilipofunguliwa, ikaonekana stika: USIGUSE MFUMO. Mashine ilikuwa ya zahanati ya Ngumbo, kule ziwani, na Emerensiana ndiye karani. Watu wa mradi waliileta ikiwa na mfumo wa Linux, wakapiga picha, wakaondoka. Modemu ya kutuma taarifa za zahanati wakaileta baadaye, haina draiva, programu ya kuiendesha. Wakubwa bwana! Mashine wanaleta, ya kuifanyisha kazi ujijue mwenyewe.

"Draiva ninayo," Othmar alisema, "ila lazima niikompaili, yaani niijenge, humu humu." Akaandika amri. Mashine ikagoma. "Unaona? Inataka heda. Kerneli ndiyo moyo wa mashine. Heda ni mafaili yanayoieleza draiva moyo huo umejengwaje. Humu hazimo."

"Si uzichukue mtandaoni?"

Akatafuta kwenye kompyuta yake mpaka chai ikapoa. "Hazipo. Lazima ziwe za toleo hili hili, na hili wamelijenga wenyewe watu wa mradi. Heda wanazo wao."

"Nao hawapokei simu." Mzaha ulikuwa umemtoka Emerensiana usoni. "Taarifa zisipofika mwisho wa mwezi, kazi sina. Nitakwenda Iringa kwa dada, nikauze dukani kwake."

"Huendi Iringa."

"Wewe nani wa kunizuia?"

"Fundi wako."

Alirudi Ngumbo na mashine yake, na simu zikaanza. Kila jioni.

"Mashine inasemaje?"

"Inakusalimia. Inauliza fundi wake amekula?"

"Ugali na maharage."

"Pole, mpenzi. Huku tuna samaki, mbasa wa kuchoma, mafuta yanachuruzika."

"Eme, usinitese."

Ukiwa na mtu wa kukupigia hivyo, shukuru. Wengine simu zetu zinalia kwa matangazo tu.

Mchana mmoja Emerensiana akapiga, ikapokelewa na sauti nyororo ya kike. "Othmar ametoka kuoga, anavaa. Nani mwenzangu?"

Akakata. Tangu hapo Othmar akipiga, simu inaita hadi inachoka. Yeye akadhani amechukiwa kwa sababu ya heda. Hakulala vizuri, na wala hakukaa bure. Akajaza flashi yake, akapanda basi, akateremka milima hadi ziwani.

Alimkuta Emerensiana mlangoni mwa zahanati, kanga kiunoni, uso umekunjwa.

"Umefuata nini? Rudi kwa huyo anayejua saa zako za kuoga."

"Walburga? Yule shangazi yangu! Nakaa kwake. Ana wajukuu!"

"Na sauti ile?"

"Anaimba kwaya."

Emerensiana akajifunika uso kwa kanga, mabega yakamtikisika kwa kicheko. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Heda je?"

"Sijapata. Nimeleta kerneli nyingine, ya kawaida, pamoja na heda zake. Ya kwao itabaki palepale. Lakini nitakuwa nimegusa mfumo, Eme. Watakulaumu."

"Taarifa zisipofika watanilaumu vilevile. Gusa."

Nywila Emerensiana akaiandika mwenyewe. Safari hii draiva ilikompailika hadi mwisho. Taa ya modemu ikawaka kijani, taarifa zikaenda zote, na Emerensiana akamkumbatia fundi wake mbele ya kina mama waliopanga foleni ya kliniki. Wakapigiwa vigelegele.

Baltazar, msimamizi wa mradi, alifika kwa gari lenye vioo vyeusi. Siku zote zile hakupokea simu, lakini mfumo ulipoguswa, alijua. Taarifa zilizofika hakuzitaja.

"Kerneli hii si yetu. Nani kagusa?"

Othmar alifungua mdomo. Emerensiana akamkanyaga mguu.

"Mimi."

"Basi kazi huna."

Akairudisha mashine ilivyokuwa. Taa ikazimika.

"Na heda, mheshimiwa?" Othmar aliuliza.

"Hayo ni mambo ya makao makuu."

Stendi ya Mbinga tena, gauni lile lile la njano. Mkononi sasa begi tu.

"Baki, Eme. Nikuoe."

"Tule nini, heda?" Alijaribu kucheka, machozi yakamtangulia. "Mama ananitegemea mimi. Nipigie, mpenzi. Usiache."

Hakuacha. Mwanzoni alikuwa anajibiwa kwa maneno matamu. Baadaye ikawa "nina wateja, nitakupigia." Baadaye tena, hata hilo hakuna.

Kitenge cha bluu kiko mezani kwa Othmar, kimekunjwa. Asubuhi anapiga namba ya mradi, kuomba heda. Jioni anapiga namba ya Iringa. Zote mbili zinaita vizuri kabisa.